Damu Iliyoombwa Maji ya Chai

Kaka yangu aliposikia kwamba damu yake itageuka kuwa yangu, alichukua kofia yake, akamshukuru daktari kwa adabu zote, akatoka nje akaenda kusimama kando ya bomba la maji kama mtu anayengoja ndoo ijae. Ndoo hakuwa nayo.

Mimi nikabaki ofisini nikicheka. Ndivyo nilivyoumbwa, msinihukumu: balaa likibisha hodi, meno yangu ndiyo yanayokwenda kufungua mlango. Daktari, mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa, akanitazama.

"Nimesema vibaya?"

"Umesema vizuri, daktari. Ila umemwambia mwanamume wa Kiarusha kwamba atatembea na damu ya mdogo wake wa kike. Afadhali ungemwambia atatembea na gauni."

Kaka ndiye mzaliwa wa kwanza wetu. Analima viazi na kufuga juu ya Olmotonyi, shamba linapogusana na msitu. Alikuwa mtu wa kubeba ndama mabegani na kupanda naye mlima. Nikisimulia kwa mdomo huwa nasema ng'ombe mzima, lakini kwenye maandishi naona haya kidogo. Halafu mwaka huo akaanza kuota madoa ya zambarau mikononi, kama mtu aliyepigwa, na hakuna aliyempiga. Fizi zikawa zinatoa damu akipiga mswaki. Akitoka zizini kuja jikoni, mwendo wa kutema mate, alipumzika njiani.

Walimpima hapa na pale, mwisho wakamchoma sindano kwenye mfupa wa nyonga, wakatoa uloto. Uloto ni ile nyama laini iliyomo ndani ya mifupa, ambayo sisi tukiwa watoto tuliigombania kwenye supu hadi tukatoana machozi. Humo ndimo damu inamozaliwa. Wa kaka ulikutwa umejaa mafuta matupu, mbegu za damu karibu zote zimekwisha. Mtu mwembamba kama ufito, kumbe unene wake wote ulikuwa umejificha ndani ya mifupa!

Tiba waliyoitaja ni kupandikizwa mbegu za damu za ndugu. Tukapimwa wote. Wadogo zetu wawili wa kiume hawakufaa. Mimi nikaonekana nimelingana na kaka kana kwamba tumekatwa kwenye jora moja. Nilifurahi nikaruka, nikamkanyaga nesi.

Sasa kaka yuko bombani, na mimi kukaa siwezi. Nikamuuliza daktari: hizo mbegu zangu zikishaingia kwake, nani atazisimamia? Zisije zikaanza kumpangia mambo kama ninavyompangia mimi.

Lazima niseme hapa kwamba mimi ni msomi. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, mchana nashona sare za shule Kwa Mrombo, jioni nakaa dawati moja na vijana wanaoniita mama. Somo la Baiolojia nililipenda karibu kuliko ndoa. Nilipata C, na siku ya matokeo Mlima Meru wenyewe ulitikisika, waulizeni majirani. Kwa hiyo daktari alipoona naelewa, akavua miwani, akanieleza kwa raha.

Alisema mbegu za damu, wao huziita seli shina, hazijiendeshi. Ndani ya uloto zinakaa na wenyeji. Wapo wenyeji wanaojenga mfupa, wapo waliopanga kuta za mishipa midogo, wapo wa mafuta, na neva nazo zinapita humo zikileta habari. Hao ndio wanaozishika mbegu zisitangetange. Ndio wanaoziambia: wewe lala, usijichoshe, wewe amka, damu imepungua, wewe jigawe, wewe toka, uwe chembe nyekundu. Mbegu ikikosa wenyeji wazuri, ama inalala moja kwa moja, ama inajimaliza kwa pupa. Mengine, akasema, bado wanayatafuta, hawajayajua.

"Na wenyeji wa kaka watabaki wa kwake?"

"Wengi wao, ndiyo. Tunachopandikiza ni mbegu. Nyumba inabaki yake."

Nilitoka mbio kumpelekea habari hiyo pale bombani. Nikamwona amekaa juu ya jiwe, anahema.

"Kaka! Nyumba inabaki yako!"

"Nyumba gani?"

Nikamweleza. Nikapamba kidogo, nikasema ndani ya kila mfupa mna kijiji kikubwa kuliko Arusha mjini, chenye mwenyekiti na mgambo. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Hao mgambo," akasema, "wanamlinda nani? Damu ya mwanamke?"

"Kaka, utakufa."

"Najua. Lakini nitakufa mimi."

Basi. Kuanzia siku hiyo sikukalika. Nilikuwa napanda Olmotonyi, nashuka, nafika Kwa Mrombo nashika cherehani, naacha, napanda tena. Nilishona shati la mwanafunzi nikaweka mfuko mgongoni. Nilishona sketi yenye mdomo mmoja, mteja akaniuliza mtoto atatokea wapi. Kila mara kaka alikuwa anaongezewa damu hospitalini, na kila mara damu hiyo ilidumu muda mfupi kuliko iliyotangulia. Daktari alikuwa amesema wazi: kinga haipo, homa moja tu inaweza kumchukua. Mimi nikisikia simu inaita, hata ya mtu mwingine, nasimama na pini mdomoni.

Ukafanyika kikao cha ukoo nyumbani kwa kaka. Mwenyekiti ni baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, mtu aliyewahi kuwa mzee wa kanisa na tangu hapo hawezi kunywa chai bila utaratibu. Nikapewa nafasi, nikaeleza uloto wote, wenyeji na mbegu. Nikaona wazee wanatikisa vichwa vizuri. Nikajua nimeshinda.

"Tumekusikia, mama," akasema baba mdogo. "Elimu yako ni kubwa. Sasa mimi nauliza neno dogo. Wewe ni wa nani?"

"Wenu, baba mdogo."

"Siyo wetu. Wewe tulishakutoa. Wameru walileta ng'ombe, tukawapokea, wengine tukawala. Mtu akishapokea mahari ya binti hawezi kugeuka nyuma kimya kimya akamkamua."

"Ni kikombe tu cha damu!"

"Hata kama ni kijiko. Maziwa ya ng'ombe wa jirani unaombea mlangoni, hukamui usiku."

Kaka aliyekuwa amejikunja kwenye blanketi, barakoa usoni, akainua kichwa kwa mara ya kwanza siku ile. Nilidhani atanitetea.

"Baba mdogo amesema kweli," akasema.

Jamani! Huko nyuma shida ilikuwa damu ya mwanamke, sasa imekuwa damu ya mwanamke na ya Wameru. Nikamfuata chumbani.

"Kaka, sema ukweli. Unaogopa nini hasa?"

Akaangalia mlango. "Kwaya," akasema kwa sauti ya chini.

Kaka anaimba besi usharikani. Besi yake ikishuka, mabati yanaitikia.

"Wananitania. Wanasema Jumapili nitafungua mdomo itoke soprano, nihamishiwe safu ya akina mama."

"Sauti inakaa kooni, kaka. Si kwenye damu."

"Una uhakika?"

"Nilipata C ya Baiolojia."

"C!" Akageukia ukutani. "Yaani hata B hukupata, na unataka mifupa yangu."

Mimi ningeweza kulia pale. Lakini nilicheka, naye akacheka, akakohoa, na kwenye kitambaa kukawa na damu. Tukaacha kucheka.

Nilimuuliza mume wangu kama ataridhia. Ni fundi pikipiki, na maneno yake ni machache hata mkigombana unajibizana peke yako. Alisema, "Mimi sina neno. Muulizeni mama." Na mama, yaani mama mkwe wangu, anaishi Maji ya Chai, kwenye migomba nyuma ya barabara kuu. Basi ukaandaliwa ujumbe. Baba mdogo akataka mambo yaende kama posa, ila kinyumenyume: kreti ya soda, asali, na wazee wawili waliovaa makoti. Kaka akasema na yeye anakwenda. Nikamkatalia, nikamwambia vumbi, nikamwambia vijidudu, nikamwambia kule kuna vijidudu vyenye pembe. Akasema huwezi kutuma watu wakuombee damu wewe umelala.

Tukaenda kwa gari la jirani, madirisha yamefungwa, kaka kiti cha mbele. Sikuacha kuongea njia nzima. Tulipofika Tengeru baba mdogo aliniomba nimwachie Mungu nafasi naye aseme kidogo.

Mama mkwe tulimkuta uani, ameketi kwenye kigoda, anamenya ndizi mbichi, mikono myeusi kwa utomvu. Hakusimama. Kwa tulivyozoeana, najua kwamba asiposimama amefurahi, akisimama, kimbia.

"Shikamoo, mama," kaka akasema.

"Marahaba, baba. Mbona umejifunga mdomo? Umekuja kuniibia kuku?"

"Naumwa, mama."

"Naona. Kaeni. Na wewe," akaniambia, "unasimama kama mgeni? Kisu kile pale."

Nikachukua kisu, nikamshukuru Mungu kwa kazi. Baba mdogo akaanza hotuba. Alianzia mbali, kwenye siku ya posa yangu, akataja ng'ombe mmoja mmoja na rangi zake. Nilimenya mkungu mzima yeye akiwa bado kwenye fahali. Mwishowe akafika: tulikupa binti, sasa tunarudi tumeinama, tunaomba sehemu ya kilichomo ndani ya mifupa yake, mbegu tu, naye atabaki wenu.

Mama mkwe akanigeukia. "Utakufa?"

"Sifi, mama. Zinaota tena."

"Utaweza kubeba maji?"

"Baada ya muda mfupi, ndiyo."

"Basi mchukueni, mnirudishie akiwa mzima. Soda hizo mmeleta za moto." Akarudi kwenye ndizi zake.

Nilitaka kuruka, ila nilikuwa na kisu. Na kaka, badala ya kushukuru, akavuta kiti mbele.

"Mama, nina swali. Huyu anasema mbegu zake zikija kwangu zitawatii wenyeji waliomo kwenye mifupa yangu. Zisipowatii?"

Mama mkwe akamtazama kana kwamba ameuliza jua linatokea wapi. "Huyu alipoletwa hapa alikuwa hajui kumenya ndizi. Alikuwa anaikata kama anakata kitambaa, nusu ya ndizi inakwenda kwa ng'ombe. Alikuwa hajui hata neno moja la Kimeru ila la kuombea chakula. Muone sasa. Nani alimfundisha? Mimi nilimfundisha, na shangazi za mume wake, na jirani mwenye ule mdomo. Mji ndio unaomfundisha mtu."

"Kwa hiyo anatii?"

"Huyu?" Akacheka hadi kigoda kikayumba. "Huyu ametupangia hata mahali pa kuweka mtungi wa gesi! Lakini angeondoka tungelala njaa."

Wazee wakacheka, baba mdogo akasahau koti akajipiga paja. Kaka naye akacheka ndani ya barakoa, na katikati ya kicheko nikaona barakoa inabadilika rangi. Damu ilikuwa inamtoka puani. Ilivuka kitambaa, ikashuka kidevuni, ikadondoka kwenye maganda ya ndizi. Kaka akajaribu kuifunika kwa mikono, anaomba radhi, anasema samahani mama, samahani, kwa aibu ya mtu aliyechafua ua wa wakwe.

Mama mkwe aliinuka. Akamvua barakoa, akamwinamisha mbele, akambana pua kwa vidole vyake vya utomvu. Damu ikaendelea kupita katikati ya vidole.

"Baba," akamwambia, karibu na sikio lake, "damu unayoigombea ndiyo hii? Hii inayokukimbia?"

Mimi nilikuwa nazunguka uani nikitafuta kitambaa, na kitambaa nilikuwa nimekifunga kiunoni.

Tulimwahisha hospitali akaongezewa chembe za kugandisha damu. Ndani ya gari, amejiegemeza, pamba zimejaa puani, aliniambia bila kugeuka: "Mpigie yule daktari wa miwani."

Hospitali ya kupandikiza iko mbali na kwetu, nje ya mkoa. Kaka alitangulia na wifi yangu, mke wake, aliyekwenda kumwuguza. Wakamlaza kwenye chumba cha peke yake chenye kioo. Nami nilipofika nikaanza kuchomwa sindano, asubuhi kwa asubuhi. Kazi ya sindano hizo ni kuwarubuni wenyeji wa uloto wangu wazilegezee mbegu, maana kwa kawaida wanazishika kama mama anavyomshika mtoto gulioni. Wakilegeza, mbegu zinatoka, zinamwagika kwenye damu, na mashine inazichota mkononi.

Mwenzangu, huo ulegezaji unauma. Mifupa yote ilikuwa inagonga hodi kutokea ndani: nyonga, mgongo, kifua, hadi mfupa wa kidevu ambao sikuwahi kujua kwamba ninao. Niliona kabisa mgogoro wa kijiji. Wenyeji wanasema kaeni, sindano inasema tokeni, mbegu zimejipanga mlangoni na mabegi. Kulala siwezi, kukaa siwezi. Nilitembea kwenye ule ukumbi wa wodi hadi nesi akasema nitamaliza sakafu. Nilitembea, nadhani, kutoka pale hadi Longido na kurudi.

Na kilichoniwasha zaidi hakikuwa mifupa. Daktari wa pale alikuwa ameniita kando akaniambia kwamba kaka ameshaanza kupewa dawa kali za kufagia uloto wake, ili mbegu zangu zipate nafasi. Mlango wa nyuma umefungwa. Kuanzia sasa, akasema, tafadhali usiugue, usianguke, usile kitu cha ajabu barabarani. Kaka hakuwa tena na damu ya kurudia. Alichobakiwa nacho kilikuwa ndani yangu, mtu ambaye siku zote anajikwaa kwenye waya wa pasi. Nikawa nashuka ngazi kwa makalio. Watu walinishangaa, na mimi nikawaambia nimebeba yai.

Siku ya kuchota nililazwa, mrija mkono huu, mrija mkono ule, mashine inanguruma kama ya kusaga. Damu inatoka, inachujwa, inarudi. Iliyobaki kwenye mfuko ilikuwa na rangi ya supu ya nyanya, kidogo kiasi kwamba nilimuuliza fundi wa mashine kama hajasahau nyingine. Nikauona mfuko unapelekwa ng'ambo ya kioo, unatundikwa, unadondoka tone tone kwenye mshipa wa kaka. Hakuna upasuaji. Hakuna aliyefungua mfupa. Nikamuuliza daktari mbegu zitajuaje njia ya kwenda kwenye uloto. Akasema wenyeji wa mle ndani wanatoa kemikali, na mbegu zinaifuata. Zinaitwa.

Nilibandika uso kwenye kioo. Kaka akanipungia kidole kimoja.

"Unasikia chochote?" nikamwuliza kwa simu.

"Nasikia wewe unaongea," akasema.

Nikarudi Arusha, kwa sababu watoto ni watoto na sare ni sare. Hapo ndipo nilipojua kungoja ni nini. Wifi alinitumia ujumbe wa sauti kila jioni, na kila jioni ulikuwa uleule: leo bado. Chembe nyeupe hakuna. Ana homa. Homa imeshuka. Midomo ina vidonda, hali chakula. Leo bado. Mimi nikawa nawaza kama wenyeji wa mifupa yake nao wamekufa kwa zile dawa, kama mbegu zangu zimefika zikakuta kijiji kitupu, hakuna hata wa kuuliza njia. Au zimelala. Ukoo wetu upande wa mama unalala sana. Nilifumua nguo nilizoshona vizuri nikazishona tena. Baba mdogo akawa anapiga simu kuuliza, na mimi nikawa namwambia bado, naye anasema haya, na hakuna anayekata.

Siku wifi alipopiga simu badala ya kutuma sauti, nilikuwa nampima mteja, futi iko mkononi, yeye kanyoosha mikono. Niliangalia ile simu ikiita. Mteja akasema, "Si upokee?"

"Zimeonekana!" wifi akapiga kelele. "Chache, lakini zimeonekana! Daktari anasema mbegu zimeshika!"

Sijui nilitokaje. Najua nilimwambia muuza nyanya, nikamwambia mchoma nyama na wateja wake wote, nikamwambia mtu wa bodaboda ambaye alidhani namkodi. Soko zima la Kwa Mrombo lilifungwa kwa shangwe. Haya, halikufungwa, lakini muuza nyanya alinipa nyanya. Nikampigia baba mdogo nikiwa barabarani, nahema.

"Zimeshika, baba mdogo!"

"Zimeshika wapi?"

"Kwenye mifupa ya kaka. Zimeanza kutoa damu."

Nikasikia ng'ombe nyuma yake.

"Na zinamsikiliza?"

Nilitaka kumwambia zinampigia saluti. Lakini wifi alikuwa ameniambia na la pili, akishusha sauti: kaka ametoka vipele viganjani na kifuani, ngozi inawaka. Daktari anasema ni wageni wanaanza kugombana na wenyeji, jambo walilolitarajia; kuna dawa ya kuwatuliza, inabidi waangalie lisije likakua.

"Zinagombana kidogo," nikasema. "Ana vipele. Wanampa dawa."

"Mh," akasema baba mdogo. "Basi kweli zimefika. Na yeye anasemaje?"

"Anasema anawashwa, na njaa imemrudia. Ametaka loshoro ya mahindi, yenye maziwa mgando mengi."

"Wape hao madaktari pole," akasema, akakata.

Niliporudi mteja alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono ameishusha, anakula karanga zangu. Nikamsimamisha. Nikampima kifua nikakosea, nikampima tena, namba ikaja nyingine.